Nywele Zilizokataa Moto

Mkate ulirudi kutoka kwa Riwal mwoka mikate ukiwa na baridi ya kisimani. Kwa nje ulikuwa umeungua vizuri, mweusi kingoni kama kawaida ya mikate ya namna ile, ila Franseza alipougonga kwa mpini wa kisu ganda likapasuka na maji yakamwagika mezani, yakatiririka mpaka kwenye viatu vyake vya mti.

Haukuwa mkate wa kuliwa. Ndani yake mlikuwa na nywele. Pale mjini Rennes fundi wa mawigi huzichana nywele, akaziviringisha kwenye vijiti vya udongo, akazichemsha, akazianika, kisha akazifunika kwa donge la unga na kuzipeleka tanurini, ili mawimbi yakishashika yasiachie hata mwenye wigi akinyeshewa. Franseza alikuwa kwenye kazi hiyo tangu aolewe na Mathurin. Alishaona nywele zilizoungua, zilizokatika, hata zilizoliwa na panya pamoja na mkate wake. Zilizotoka motoni zimelowa hakuwahi kuziona.

"Riwal," akamwambia mwoka mikate, aliyekuwa bado mlangoni na sinia lake, "uliuweka tanurini au uliutumbukiza mtoni?"

"Shemeji, usinichokoze. Moto ule nusura uninyoe nyusi. Mikate ya wenzio yote imeiva, wako tu ndio unalia." Akainama, akanusa, akakunja uso. "Na mbona unanuka kuvu la kwenye mawe? Mnasuka nywele au vyura?"

Akaenda zake akicheka. Franseza hakucheka. Alizifungua nywele kutoka kwenye vijiti, zikamwangukia mkononi zimenyooka vilevile, ndefu, rangi ya majani makavu ya ngano, zikichuruzika maji, na katikati ya joto lile la kiangazi vidole vyake vikafa ganzi.

Nywele hizo zililetwa na Lommig. Huyu alikuwa mtu wa kuzunguka magulioni, mkasi umening'inia shingoni na bunda la vitambaa begani. Msichana wa shamba humwinamishia kichwa, yeye humpa kitambaa cha rangi, na kila mmoja huondoka akidhani amempunja mwenzake. Alikuwa na namna yake ya kupima: huzipitisha nywele kati ya vidole polepole, kutoka shinani hadi nchani, macho ameyafumba. Akikuta mvi huziachia hapohapo. "Hizi kawajazie matandiko ya farasi," husema mbele ya mwenyewe, bila haya. Lakini siku aliyozileta hizi hakutania na mtu. Alizitupa mezani zikiwa ndani ya gunia, akagugumia mvinyo wa tufaha kama aliyekimbizwa, akaondoka bila kungoja chapati.

"Zimekataa tena?" Mathurin aliuliza, akichungulia kutoka chumba cha mbele na wembe mkononi.

"Zimekataa."

"Mama Aziliz, neno hilo usilitamke humu ndani. Hakimu Trémargan analitaka wigi lake kwa mchoraji kabla ya Jumapili. Unamkumbuka yule fundi wa mtaa wa nyuma aliyemchelewesha? Leo anashona kofia za wafungwa, na yeye mwenyewe mfungwa."

Wakubwa wa pale hawana muda wa kukaa kuchorwa. Wigi ndilo linalotumwa. Mchoraji hulivika kichwa cha mti, akalichora wimbi kwa wimbi, akachora na joho, na katikati huacha uso mtupu; mheshimiwa atapita siku moja kuuleta. Na tuseme ukweli, ukiliondoa wigi kwenye picha za waheshimiwa wale, kinachobaki hakijazi hata kikombe.

Franseza aliijua dawa ya nywele kaidi. Unazichanganya na nywele laini za mtu aliye hai, za mtu aliyekatwa leo, na zile kaidi hufuata. Shida ilikuwa rangi. Rangi ile hakuiona kwa mtu yeyote mjini isipokuwa mmoja, naye alikuwa jikoni akipepeta unga wa mawigi na kupiga chafya.

"Kata za chini, mama, huku kisogoni pasipoonekana," Aziliz alisema, akikaa kwenye kigoda na kujifunua shingo. Alikuwa binti yao wa pekee, mrefu, mdomo haufungi. "Hakimu atavaa kisogo changu mahakamani. Akinihukumu siku moja nitamwambia, baba, usijikatie shauri mwenyewe."

"Nyamaza, baba yako asisikie."

Kwa maana palikuwa na sharti katika duka lile, lililoachwa na marehemu baba yake Mathurin: nywele za nyumbani haziendi kichwani kwa mgeni. Mzee hakueleza sababu, na Franseza alikuwa amechoka, naye alikuwa na hofu. Akakata. Akazilaza nywele za bintiye juu ya zile za Lommig, akazivuta pamoja kwenye chanuo la misumari lililogongomewa mezani, na papo hapo zile zilizokuwa zikichuruzika zikakauka. Zikapata joto, joto la kichwa cha mtu aliyelala na homa. Alihisi kama zimemshika kidole. Akajiambia ni uchovu, akaendelea na kazi.

Mkate wa tatu ulitoka tanurini mkavu na mawimbi yalikuwa hayajawahi kuonekana Rennes. Franseza akazisuka kwenye nyuzi zake tatu za hariri, Mathurin akazishonea kwenye kofia ya wavu, na wigi lilipokamilika alimkumbatia mkewe mbele ya wateja. Jioni hiyo, wakila, Franseza aliona bega la gauni la Aziliz limelowa.

"Umeoga?"

"Sijaoga. Zinalowa zenyewe," Aziliz alijibu, akizikamua nywele zake kama nguo. "Tangu uliponikata. Labda zinawalilia wenzao."

Wakacheka wote watatu. Ndiyo mara ya mwisho walipocheka pamoja.

Siku chache baadaye Franseza alikwenda kulirekebisha wigi kwa Vauclerc mchoraji, aliyekaa ghorofani juu ya mto. Vauclerc alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Leo maneno yalikuwa machache. Wigi lilikaa juu ya kichwa chake cha mti karibu na dirisha, na chini yake sakafu ilikuwa na maji. Kwenye turubai lilikuwepo wigi lilelile, na joho jekundu, na kati yao pengo jeupe.

"Mama, wigi lako linanitesa," alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango. "Brashi zangu za nguruwe ni nene mno kwa nywele laini namna hii. Ikabidi nichomoe chache nijitengenezee brashi. Hii hapa."

"Umechomoa kwenye kazi yangu?"

"Za kisogoni tu. Nani atachungulia kisogo cha hakimu?" Akajaribu kucheka, ikamshinda. "Nikitumia brashi hii, mama, mkono wangu unakwenda wenyewe. Jana niliacha uso mtupu. Asubuhi nimekuta jicho. Nimelifuta. Nilipolifuta lilikuwa na joto."

"Acha pombe, Bwana Vauclerc."

"Natamani ingekuwa pombe."

Franseza alisogea, akatazama lile pengo jeupe. Hapakuwa na kitu ila unyevu kidogo pale ambapo mdomo ungekuwa, na unyevu ule ulikuwa ukiingia na kutoka, kama kitambaa kilichofunika pua ya mtu anayepumua. Aliteremka ngazi bila kuaga. Alipofika nyumbani alimkuta Aziliz ameketi mbele ya meza ya kazi, kichwa amekilaza juu ya lile chanuo la misumari, akikivuta taratibu huku na huku, akiimba wimbo usio na maneno. Damu ilikuwa ikimtiririka usoni, naye alikuwa akitabasamu.

"Aziliz!"

"Najichana tu, mama," binti alisema. Kisha akajishika paji, akaona vidole vyake, akaanza kupiga mayowe.

Walimfunga vitambaa, wakang'oa chanuo mezani wakalifungia kabatini. Mathurin akamwita padri, padri akanyunyiza maji yake, na maji yale yakatoa ukungu yalipogusa nywele za binti, naye padri akasema ni joto la kiangazi akakumbuka kwamba ana maziko mahali.

Kesho yake mchana Franseza alirudi kwa Vauclerc ameshaamua kulichukua wigi, hakimu na afanye atakalo. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilimpokea kwenye ngazi, harufu ya mawe ya kisimani na majani yaliyooza majini, na chini ya harufu hiyo nyingine ya machinjioni. Vauclerc alikuwa amepiga magoti mbele ya turubai, kichwa amekiangusha nyuma, na mwanzoni Franseza alidhani amevaa kofia nyekundu, mpaka alipokaribia akaona kwamba ngozi ya kichwa chake ilikuwa imebanduliwa yote, kuanzia paji hadi kisogo, kama ganda linavyobanduliwa kwenye mkate, ikasokomezwa mdomoni mwake pamoja na nywele zake mwenyewe, mpaka mashavu yakapasuka pembeni, na juu ya yote hayo mkono wa kulia wa maiti ulikuwa bado umeinuliwa na ulikuwa bado unachora.

Ulikuwa unamalizia kope. Kwenye lile pengo jeupe palikuwa na uso wa mwanamke, mchanga, mzuri, umelowa, chini ya wigi la hakimu, na macho yake yaliacha kumtazama marehemu yakamgeukia Franseza.

Hakufikiri. Aliinyakua ile brashi kwenye vidole vya maiti akaitupa kwenye jiko la makaa ambalo marehemu alichemshia gundi. Nywele za brashi zikawaka mara moja, moto wa kijani, zikawa majivu. Uso kwenye turubai ukafumba macho kwa uchungu. Ndipo Franseza akageuka na kuona kichwa cha mti pale dirishani. Kilikuwa kitupu.

Alikimbia mitaa yote ile viatu mkononi. Dukani alimkuta Mathurin sakafuni amemkumbatia Aziliz, na Aziliz alikuwa akijipinda na kulia kwa sauti iliyokauka. Kwenye kisogo, pale mama yake alipomkata, ngozi ilikuwa imeungua na kutoa malengelenge, na nywele zilizoizunguka zilinuka moshi.

"Sasa hivi tu," Mathurin alisema. "Alikuwa anakunywa supu. Hakuna moto karibu, mama Aziliz, hakuna hata mshumaa!"

Ndipo Franseza akamwambia yote, sharti alilolivunja na nywele alizozichanganya, na mumewe akamtazama kama mtu asiyemjua. Hakumpiga, hakumtukana. Alisema tu, "Mtumishi wa hakimu alipita ulipotoka tu. Wamelichukua kwa mchoraji asubuhi. Analivaa leo."

Walimfungia Aziliz kwa Riwal, wakaenda mbio. Hakimu Trémargan alikuwa kwenye chumba chake kidogo cha kupakwa unga, ameketi na shuka kifuani na kikombe cha karatasi amejishikia usoni ili unga usimwingie puani, na mtumishi alikuwa akimpulizia wigi. Vumbi jeupe limejaa chumba kizima.

"Mheshimiwa, livue," Mathurin alisema, akipiga magoti. "Tumekosea kazi. Tutakutengenezea jingine."

"Nani amewaruhusu hawa?" Sauti ya hakimu ilitoka ndani ya karatasi. "Kazi mbaya ningeshaijua. Ndilo wigi pekee lisilowasha. Linakaa kama limeota." Akajipapasa shingoni. "Yves, maji haya yanatoka wapi?"

Maji yalikuwa yakimshuka shingoni, yakiuchanganya unga kuwa uji. Mtumishi alirudi nyuma. Hakimu akaondoa karatasi usoni, akajishika kichwa, akavuta, na wigi halikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, uso ukiwa mwekundu halafu wa zambarau, huku mawimbi yale mazuri yakianza kunyooka, moja moja, yakirefuka, yakimwingia masikioni na puani na chini ya kope, na Mathurin aliporuka kumsaidia nywele zikamzunguka vidole vya mkono wa kulia, zikakaza kama uzi unavyokata jibini, na vidole vitatu vya fundi bora wa Rennes vikadondoka juu ya shuka, kisha ndani ya kichwa cha hakimu kikasikika kitu kikipasuka, sauti kama ya lozi inayobanwa kwa koleo, na yule aliyewatisha watu mji mzima akaanguka kifudifudi kwenye uji wa unga wake mwenyewe. Wigi likamtoka kichwani likiwa na ngozi yake. Likajikusanya sakafuni, likatulia.

Mtumishi alishakimbia. Franseza alivua aproni yake, akalifunika wigi kama mtu anavyomfunika kuku, akalifunga. Kwa mkono mwingine akamwinua mumewe.

Lommig walimpata kwenye kilabu cha nyuma ya soko. Franseza hakumsalimu. Alimkamata nywele, akambamiza uso mezani, akamwekea mkasi wake mwenyewe kooni, ncha ikapenya ngozi.

"Ulizinunua kwa nani?"

"Shemeji, taratibu, tuna..."

Akazidisha ncha. "Kwa nani?"

"Sikununua!" Lommig alilia. "Alikuwa amelala kwenye chemchemi ya Kerzeven, kichwa juu ya jiwe, nywele ndani ya maji. Nilidhani ni binti mlevi aliyetoka arusini. Nikakata."

"Miguu yake ilikuwaje, ya mtu au kwato?"

"Nani aliangalia miguu? Niliangalia nywele. Nilipokata fungu la mwisho alifumbua macho. Hakulia, hakuinuka. Alizitazama tu mkononi mwangu, kama anazihesabu." Akafuta pua. "Wazee wa kule wanasema yule ni jini wa maji, kazi yake kujichana. Anataka vyake. Mrudishie zote atakuacha. Lakini kilichofungwa pamoja na nywele zake kitakwenda nazo. Chochote. Yeyote."

Franseza akamwachia. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kumsumbua. "Na zikiungua je?"

"Zile?" Lommig alicheka kicheko kibaya. "Usiku wa kwanza niliogopa, nikazitupa motoni. Moto ndio uliozimika. Nywele zile haziungui, shemeji, kwa hilo lala usingizi."

Akapumua. Basi zilizoungua kwenye brashi zilikuwa za Aziliz tu, alijiambia, na akataka sana iwe hivyo, hata hakuligusa tena wazo lile.

Kulipokucha aliketi kwenye meza yake kulifumua wigi. Mathurin hakuweza kusaidia. Alilala kwenye benchi, mkono umefungwa matambara, akiomba chini kwa chini. Aziliz, waliyemtoa kwa Riwal, walimfunga kwenye kiti kwa mikanda ya kunolea nyembe, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikilitafuta kabati lenye chanuo. Kazi ya msukaji ni kufunga, safu juu ya safu, na hakuna aliyemfundisha Franseza kufungua. Aliikata hariri fundo kwa fundo. Wigi lilimng'ata, kila fundo lilipoachia lilimchana vidole, na kabla ya mchana alikuwa akifanya kazi ndani ya damu yake. Lakini alizijua nywele za mwanawe. Alizichana tangu zikiwa manyoya ya kifaranga, alizisuka kwa ajili ya komunyo, aliwahi kuzilalia usiku kucha mtoto akiwa na ndui. Alizivuta kutoka katikati ya zile nyingine, na kila zilipotengana, za mgeni zilirudi kuchuruzika maji na za Aziliz zikabaki kavu.

"Mama," Aziliz alinong'ona. "Anasema unachelewa."

"Mwambie angoje."

"Anasema yeye hajui kungoja. Anasema baba ana shingo nzuri."

"Mwambie mimi ndiye niliyemfunga na mimi ndiye ninayemfungua, na akimgusa baba yako nitazitawanya barabarani, moja moja, kila mji." Franseza hakuinua macho. Alikuwa akilia na hakuacha kufumua.

Fundo la mwisho lilipokatika, kiti kilitulia. Aziliz akaomba maji ya kunywa kwa sauti yake mwenyewe, akatukana mikanda, akauliza nani alimfunga kama ng'ombe, na Mathurin akaangua kilio kwenye benchi. Kwa kutotaka kubahatisha, Franseza akamnyoa binti kichwa chote kwa wembe wa dukani, akazichoma nywele zile bila binti kuhisi kitu.

Lommig ndiye aliyeendesha mkokoteni hadi Kerzeven, mkasi wa Franseza ukimgusa mgongoni na Mathurin amelala nyuma. Jua lilikuwa bado juu. Chemchemi yenyewe ilikuwa ndogo, mtu angeruka bila kukunja magoti, na hapakuwa na ndege. Franseza alizilaza nywele juu ya maji. Maji yakazipokea, yakazinyoosha, yakazivuta chini polepole kama mtu anayejichana.

"Umeona?" Lommig alisema, akisogea kuchungulia. "Nilikuambia ni mtu mwe..."

Mkono ulitoka majini ukamshika mkasi uliokuwa ukimning'inia shingoni. Ulimvuta kwa kamba ile. Alishika majani, alishika mawe, alishika sketi ya Franseza ikachanika, akaingia kichwa katika maji ambayo hayakumfika mtu magoti, na akaendelea kuingia, mabega, kiuno, huku mifupa yake ikivunjika ili apite, mpaka viatu vikabaki ukingoni. Maji yakawa mekundu, kisha yakawa meupe. Ndege wakaanza kulia.

"Amelipwa," Mathurin alisema kwenye mkokoteni. Franseza akakubali kwa kichwa. Alishukuru Mungu, na kwa Lommig hakuwa na chozi.

Nyumba ilirudi kuwa nyumba. Mathurin alijifunza kushona kwa mkono wa kushoto, vibaya, akijitukana. Familia ya hakimu ilileta mchoraji mwingine akaupaka uso wa marehemu juu ya ule wa mwanamke, na watu wakasema hajawahi kupendeza hivyo. Aziliz alizunguka na kichwa cha upara akiwatania wateja kwamba yeye yuko tayari kwa wigi la hakimu, na Riwal akawa anamletea mikate ya siagi bila kuulizwa, jambo ambalo kila mtu aliliona ila Aziliz. Majira ya baridi yalipofika nywele zilianza kuota. Ziliota nzuri. Ziliota haraka kuliko kawaida, na Franseza alifurahi, jamani, alifurahi kama mjinga.

Asubuhi moja aliingia chumba cha kazi akasikia harufu ya kuvu la kwenye mawe.

Aziliz alikuwa ameketi dirishani, mgongo kwa mlango. Nywele zilimfika kiunoni. Jana zilikuwa mabegani. Alikuwa akizichana kwa vidole, na matone yalikuwa yakidondoka sakafuni, tu, tu, tu.

"Aziliz?"

"Bado kidogo," sauti ilisema. Ilikuwa sauti changa, tamu, na haikuwa ya mwanawe. "Nimezihesabu. Za brashi ziko wapi?"

Franseza alisogea. "Nilirudisha zote. Nywele zako haziungui. Lommig alisema haziungui."

"Zangu zilikuwa haziungui," sauti ilikubali kwa upole. "Wewe ndiye uliyezifunga na za mtu anayeungua. Wewe ndiye uliyezifundisha kuungua."

Franseza alivua kilemba chake, akapiga magoti sakafuni kwenye maji yale, akainamisha kichwa mbele ya kiumbe kile kilichokalia kiti cha binti yake.

"Chukua zangu. Chukua na ngozi yangu. Chukua na kichwa chenyewe. Niachie mtoto wangu."

Vidole vya baridi vikaingia kwenye nywele zake, vikazishika shinani na kuzipitisha polepole, polepole, hadi nchani, kama mtu anayepima bidhaa gulioni na macho ameyafumba. Franseza alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote duniani kwamba zipendeze.

Vidole vikaachia.

"Zina mvi," sauti ilisema. "Nitabaki na hizi."